Pivo Aliyekwenda Carama

Mwezi uliopita nilikabidhi filimbi, funguo za chumba cha mipira na ule ubao wa kuchorea mipango ambao mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Makocha wadogo wa hapa Nyakabiga wameniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kufundisha mpira wa kikapu wa wanawake. Najua wanachongoja: vikombe, picha, safari ya ndege. Vikombe viko kabatini kwa mwenyekiti wa klabu, nendeni mkavitazame. Mimi nitaandika juu ya mchezaji mmoja ambaye hakuwa anafunga, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na kwa sababu mpaka leo ninamwonea wivu.

Asubuhi nilikuwa mwalimu wa michezo shuleni na jioni kocha wa klabu, lakini kabla ya yote hayo nilikuwa mfungaji. Waliniita Goreth wa Kona, maana ukinipa mpira kwenye kona ya kushoto ulikuwa umemaliza kazi yako, unaweza kuanza kurudi nyuma. Sisemi hivi kwa majivuno. Basi, kidogo ni majivuno. Nataka mjue ni mtu wa namna gani aliyekuja kuambiwa kwamba kufunga si kitu kikubwa.

Aliyeniambia ni Mzee Sylvestre, kocha wangu. Goti langu lilipoharibika alinichukua niwe msaidizi wake. Siku ya kwanza nilifika na suti mpya ya michezo na filimbi shingoni, akanipa ufagio na gunia la maranda. Mvua ilikuwa imenyesha, na uwanja wetu wa saruji una bonde karibu na kikapu cha upande wa ziwa ambapo maji hukaa mpaka kesho yake. Nikafagia, nikamwaga maranda, nikafagia tena. Ile filimbi sikuipuliza wiki nzima. Mkimwona kocha mpya hajui maji ya uwanja wake hukaa wapi, mpeni ufagio.

Mzee alikuwa na chombo kimoja tu alichokithamini, mpini wa ufagio uliofungwa kitambaa chekundu kwenye ncha. Wakati wa mazoezi alisimama chini ya kikapu akauinua. Hakumgusa mtu nao, wala hakuugusa mpira. Aliuinua tu, na wasichana waliokuwa wakifunga huku wakipiga soga wakaanza kukosa. Nikamuuliza, kwa ufundi wangu wa kujifanya mjanja, kama timu za watu zitakuja uwanjani na mafagio. Akanijibu bila kunitazama.

"Tafuta mutu wa kufanya kazi ya iyi fimbo. Wafungaji, nitawaokota hapa barabarani."

Mimi, mfungaji niliyeokotwa barabarani, nilirudi kukusanya mipira. Roho iliniuma mpaka nyumbani.

Mzee alipochoka akaniachia timu, nikaijaza wafungaji. Ungetegemea nini? Nilikuwa na Ariella, msichana mwenye mkono laini kuliko wangu, na wengine wanne waliotaka kuwa Ariella. Tulifunga sana na tulifungwa zaidi. Adui akishampita mtu wetu wa kwanza alikuwa na njia nyeupe mpaka kikapuni. Kila jioni nilirudi nyumbani nikijua tatizo letu na nikikataa kulitaja, kwa sababu Mzee alikuwa amelitaja kabla yangu.

Riziki nilimwona kwenye kichochoro cha nyuma ya duka la jirani yangu, na beseni la vitenge kichwani. Alikuwa Mkongomani wa upande wa Uvira. Alivuka mpaka wa Gatumba na bidhaa zake, akauza huku, akarudi kuchukua nyingine, na hapa mjini alipanga chumba. Kwanza niliona urefu. Kisha nikaona kitu cha pili, kwamba wanaume wenye baiskeli zilizobeba ndizi walimpisha bila yeye kuwaambia neno wala kupunguza mwendo. Nikamfuata mpaka mlangoni nikamuuliza kama aliwahi kucheza. Akasema alicheza kwenye timu ya parokia kwao, lakini akanionya kabisa kwamba kufunga hajui. Nikamwambia aje hivyo hivyo.

Jioni ya kwanza nilimweka chini ya kikapu na kuwaambia wengine wamwendee mmoja mmoja. Hakuruka. Alisimama magoti yamekunjwa kidogo, mikono juu, anarudi hatua ndogondogo mbele ya mwenye mpira, na anangoja. Ariella alikuja kwa kasi, akafika, akaangalia, akageuka akatoka na mpira wake nje. Hakuna aliyempokonya. Nikadhani Ariella amechoka. Nikavua filimbi nikaingia mwenyewe, na goti langu bovu na ujanja wangu wote wa zamani. Nikamdanganya kwa bega, nikamdanganya kwa macho, nikainua mpira nikaurudisha. Alikuwa palepale. Mwisho nikarusha mpira wa hovyo uliopita juu ya ubao ukaangukia kwa muuza mihogo. Nikamuuliza kwa nini haruki, maana watazamaji wanapenda mpira uliozabwa kofi.

"Mi siruki wa kwanza, Mama," akasema. "Ye ndo ataruka. Akisharuka, hana pa kwenda tena."

Niliona gere pale pale, mbele ya timu yangu. Mimi nilifunga miaka yote ile na hakuna adui aliyewahi kufika mbele yangu akasahau alichokuja kufanya. Walinikaba, walinivuta jezi, lakini hawakuniogopa. Huyu hakuwa hata na viatu vya mchezo, alivaa raba za kitambaa, na tayari kila mtu alikuwa anamwogopa.

Sasa niwape kile mlichokuja kutafuta, kisha nirudi kwenye wivu wangu. Pivo wa ulinzi, yaani yule anayesimama chini ya kikapu, anafanya kazi tatu, na moja tu ndiyo inayoonekana. Inayoonekana ni kuzuia mpira. Ya pili ni kuziba, yaani mpira ukirushwa, usiukodolee macho, mtafute mtu wako umwekee mgongo, mpira utakuja wenyewe. Ya tatu ni mdomo. Pivo amesimama nyuma ya wote, anawaona wote, na wale wanne wa mbele hawaoni migongo yao. Riziki aliongea tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho: kushoto kwako, mwachie huyo, rudi, niko hapa. Hilo "niko hapa" ndilo lililobadilisha timu. Walinzi wangu wa mbele wakaanza kumbana adui bila woga wa kupitwa, kwa kuwa walijua nyuma kuna mtu. Tukaiba mipira, tukakimbia, Ariella akafunga bila mtu mbele yake. Watu wakamwimba Ariella. Karatasi ya mechi ikaandika pointi za Ariella. Riziki akaandikiwa faulo mbili.

Ukitaka kujua thamani ya pivo wa namna hiyo, usitazame anachofanya. Mtazame mfungaji wa adui dakika za mwisho, anarusha kutoka mbali mipira ambayo mwanzoni alikuwa anaileta karibu. Ilinichukua muda kujifunza kutazama hivyo, na nilipojifunza nikaona mpaka mechi zangu za zamani kwa jicho jipya. Nilikumbuka mapivo wawili watatu waliosimama nyuma yangu wakati nikishangiliwa. Majina yao sikuyakumbuka vizuri.

Tulishika nafasi ya juu misimu miwili. Kisha Riziki akapata mchumba.

Mchumba alikuwa fundi umeme, kijana mpole, sina neno naye. Shida ilikuwa kaka yake. Kaka yake alikuwa Déo, kocha wa timu ya wanawake ya mtaa wa Carama, pembezoni mwa mji, ambaye tulikulia naye uwanja mmoja na ambaye tangu ujana anavaa viatu vyeupe ili watu waulize nani amemfulia. Hapa kwetu msichana wa kikapu akiolewa, mara nyingi huhamia timu ya mtaa wa mume. Hakuna sheria inayomlazimisha. Ni umbali tu na jioni fupi, na mama mkwe anayeuliza kwa nini bado unakwenda kwenu kila siku.

Baba yake Riziki alikuwa ameshafariki, na wakati ule mama yake hakuweza kuvuka mpaka. Alikuja mjomba peke yake. Kwa hiyo siku ya kuposa niliombwa nikae upande wa bibi harusi kama mama wa hapa. Mnajua mambo yanavyokwenda. Wageni wanaingia na vinywaji, kila upande una msemaji wake, wasemaji wanatupiana maneno kwa adabu na mzaha, wanazungumzia ng'ombe ambaye hayupo uani, na kila mtu anajua mwisho wake ni ndiyo. Msemaji wetu alikuwa mzee wa kanisani mwenye sauti nzuri. Nyuma ya msemaji wao alikaa Déo na viatu vyake.

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini mambo yalipofika pale pa kuuliza kama upande wetu una ombi lolote, nilimwinamia mzee nikamnong'oneza. Akanitazama, nikamkazia macho. Akasimama akasema kwamba mtoto wetu tunamtoa kwa moyo mweupe, ila ana kazi yake ya jioni chini ya kikapu, na hiyo kazi tunaomba ibaki Nyakabiga. Uani watu wakacheka, wakidhani ni mzaha uliotungwa vizuri. Nikaona Déo anaacha kucheka kabla ya wengine. Akamwinamia msemaji wake naye, akanong'ona.

"Sisi tulikuja kuomba mutu muzima," msemaji wao akajibu. "Kama mikono inabaki Nyakabiga, leo tunaoa nini, miguu?"

Kicheko kikazidi. Mjomba, ambaye hakujua mpira ni nini wala kikapu ni nini, akaona njia rahisi ni kumwita mwenyewe aulizwe. Riziki akatoka ndani amejifunga kitenge cha samawati. Hakunitazama.

"Mi nitacheza pale nitalala," akasema.

Wakapiga vigelegele. Nilipiga na mimi. Sikuweza kumlaumu, maana mtu anayetoka mpakani na mzigo hawezi kupanda gari mpaka Nyakabiga, acheze, kisha apande jingine mpaka Carama kupika. Nilimlaumu hata hivyo.

Baada ya chakula Déo alinijia na chupa yake ya Fanta. Aliniuliza kwa upole kabisa kama yule pivo ni mzuri kiasi hicho. Akaniambia yeye alikuwa ametazama karatasi zetu za mechi, akaona pointi mbili, pointi nne, faulo, akapanga kumweka benchi ili shemeji yake asikae bure jioni.

"Wewe usingeomba, sha, mi singejua," akasema, akiniita "sha" kama tulivyoitana ujanani.

Huo ndio ushauri wangu wa bei kubwa kuliko yote, nawapa bure. Ukiwa na pivo wa ulinzi, adui hajui una nini, kwa kuwa karatasi haisemi. Nyamaza. Msifu mfungaji, mpige picha mfungaji, mwache pivo wako apite kama hewa. Mimi nilimsimamisha mzee wa kanisa mbele ya koo mbili nikamtangaza wangu.

Miaka iliyofuata sitaieleza yote. Carama, timu ambayo tulikuwa tukiipiga tukiwa tumevaa kandambili, ikawa timu. Déo akaanza kualikwa kuzungumza kwenye semina za makocha kuhusu ulinzi wa pamoja. Nilihudhuria moja. Alichora duara kwenye ubao akaliita mfumo. Hilo duara lilikuwa Riziki. Nilikaa nyuma na kijiba cha roho, nikaandika kila neno kama wengine, na chai yao sikunywa.

Nilijaribu kumshinda kwa kila nilichojua. Nilimtafutia Ariella mahali pa kurushia mbali, Riziki akasogea hatua moja tu na walinzi wake wakafanya mengine. Nilimtumia wasichana wakorofi wamchokoze apate faulo, akaweka mikono juu wakaanguka wenyewe. Nilimpanga mchezaji mrefu amtoe nje ya eneo lake. Hakutoka. Alimwacha yule mrefu peke yake kule mbali, kwa kuwa alijua hajui kurusha, na mimi pia nilijua. Katika mechi moja tulibaki nyuma kwa kikapu kimoja, Ariella akampita mlinzi wake, njia ikawa wazi, watu wakasimama. Alifika mbele ya Riziki. Nikaona mgongo wa Ariella unasita. Akageuka akatoa mpira nje kwa mtu ambaye hakuwa tayari, na muda ukaisha. Nilimgombeza Ariella kwa kitu ambacho kilinipata mimi mwenyewe siku ya kwanza.

Nilikwenda mpaka Carama kwenye mazoezi yao. Nilijidai nina ndugu ninayemtembelea Kinama, mtaa wa jirani, nikapita pembeni ya mashamba ya mahindi, nikasimama mahali ambapo wangeweza kuniona lakini si kwa uhakika. Alikuwa anawafundisha wenzake kuziba. Déo amekaa anakunywa maji. Riziki alipojifungua nilimpelekea unga wa uji, sabuni na shuka, nikambeba mtoto, nikamwombea kwa dhati. Na nikiwa nimembeba nilikuwa napiga hesabu ya mechi atakazokosa mama yake. Alikosa chache mno. Watu wa aina hiyo hata uzazi hauwasumbui.

Mwaka wangu wa mwisho ulipokaribia, kamati ya klabu iliniita. Wakaniuliza nani ashike timu baada yangu. Walikuwa na majina, vijana wazuri wenye vyeti. Nikasema Riziki. Wakaduwaa, kisha mwenyekiti akasimama akasema hayo ndiyo maneno ya mtu mwenye moyo mkubwa, aliyeweka ushindani kando. Makofi yakapigwa. Moyo mkubwa wapi? Nilitaka Déo aingie uwanjani mara moja bila pivo, nami niwe nimekaa natazama. Hilo tu ndilo nililolitaka kutoka kwenye kazi hii kabla sijaifunga.

Nikaenda kumwona Riziki. Siku hizi yeye mwenyewe havuki tena mpaka. Ana kibanda cha vitenge hapa hapa Nyakabiga, anafungua asubuhi na kurudi Carama jioni, na magoti yake yamekuwa kama langu. Nilimweleza habari ya kamati. Alikunja kitenge, akakiweka juu ya vingine, akakinyoosha.

"Mama, ni juu ya timu ao ni juu ya Déo?"

Nikasema ni juu ya timu. Alinitazama tu, mikono juu ya vitambaa, akangoja. Nikasema wasichana wanahitaji mtu wa ulinzi. Akaendelea kungoja. Nikasema uzoefu wake, nikasema umri wangu, nikasema mambo mengine ambayo sasa siyakumbuki.

"Ni juu ya Déo," nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema atakuja, ila yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia shemeji yake, na mimi nisikanyage Carama siku hiyo.

Mechi ya kwanza dhidi ya Carama niliitazama nimekaa kwenye ngazi za saruji pamoja na watu wengine, kwa mara ya kwanza bila filimbi. Nilivaa vizuri. Carama walikuja bila pivo, na ikawa kama nilivyoota. Njia nyeupe. Wasichana wetu walipita mpaka chini ya kikapu, na Déo alisimama mstarini mechi nzima, akipiga kelele kurudisha kitu ambacho hakuwahi kukitengeneza. Nilifurahi. Nilifurahi sana kwa kipindi cha kwanza chote.

Kipindi cha pili nikaanza kuwatazama wa kwetu. Hatukuwa na pivo sisi pia. Riziki alikuwa amekaa benchi, na chini ya kikapu chetu alisimama binti wa kawaida tu, ambaye mimi nilikuwa namtumia kuleta maji. Lakini wote watano walikuwa wanaongea. Kushoto kwako, mwachie huyo, niko hapa. Sauti tano, kila moja inajua mgongo wa mwenzake uko wapi. Mfungaji wa Carama aliingia, akafika katikati yao, akaangalia, akageuka akatoka nje na mpira. Hapakuwa na mtu mrefu hata mmoja mbele yake.

Mimi niliwafundisha wasichana hao hao miaka mingi. Niliwaambia waongee mpaka sauti yangu ikaharibika, na waliongea nilipokuwa nawatazama tu. Yeye alikuwa nao tangu juzi. Watu waliokaa karibu nami walianza kuimba jina la Riziki, mmoja akanigusa bega akasema hongera, ulituchagulia. Nikasema asante. Ilinichoma kuliko miaka yote ya Carama, maana zamani alikuwa na kile ambacho mimi sikuzaliwa nacho, na sasa alikuwa na kile ambacho nilifanya kazi kukipata.

Mechi ilipoisha alipanda ngazi kunisalimia, taratibu, kwa sababu ya magoti. Alinipa mkono kwa adabu, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Alikuwa ameshinda, na uso wake ulikuwa unaniomba kitu kimoja.

"Mama, uliona?"

"Niliona," nikamwambia. "Ulichelewa kuomba mapumziko robo ya tatu."

Akaitikia kwa kichwa, akasema atarekebisha, akashuka kwa wasichana wake. Hakuwa amechelewa.